Maoni Kuhusu Riyozo, Kutoka Asembo Bay

Asembo Bay,
9 Machi 1997

Mjomba Dalmas,

Salamu nyingi kutoka ufuoni. Sisi hatujambo, kwa kadiri nyumba hii inavyoweza kusema hivyo siku hizi. Miguu ya mama mkwe imevimba tena, ingawa ulimi wake haujavimba hata kidogo. Yule kuku uliyenipa ametotoa na vifaranga vinanyakuliwa na mwewe. Mvua bado. Na wewe je, kifua? Umeacha sigara, au umeacha tu kuvuta mbele za watu?

Abdulrahman, yule mchuuzi wa mbuta, aliniletea kitabu cha nne na cha tano cha "Riyozo wa Visiwa Saba", kile kisa cha picha cha Kijapani unachotufasiria, kwenye lori lake la barafu. Vilinuka samaki lakini vilisomeka. Ulisema unataka maoni ya wasomaji kwa ule ukurasa wa nyuma. Mungu alininyima mengi, maoni hakuninyima, basi shika.

Kwanza, yule fisi maji anayefuatana na Riyozo anasema mno. Mnyama asiye na shamba wala ndoa anatoa wapi ushauri wote huo? Pili, ukurasa wa kumi na nane umeandika Riyozo amekula ugali kwa dagaa. Mjomba, ulikuwa mwalimu wa Kiswahili miaka yote ile, na wanafunzi wako tuko hai. Wajapani wameanza lini kusonga ugali? Tatu, kuhusu yule mama wa Riyozo anayewasha moto ufuoni kila jioni ili mwanawe auone kutoka baharini, na kijiji kizima kinamcheka: yule mama yuko sawa. Hilo lichape kwa herufi kubwa.

Sasa lile lenyewe. Gordon hajarudi. Ulisikia kwamba mashua yao ilikutwa imepinduka, imenaswa kwenye magugu maji. Wale wenzake wawili walipatikana, tukawazika. Mume wangu hakupatikana. Watu wanasema wavuvi hukamatwa ng'ambo ya ziwa wakafungwa huko bila mtu kuambiwa, na wengine wamerudi baada ya mwaka wakiwa wamekonda tu. Mimi nimeshika hilo.

Lakini huku hawataki kungoja. Wanataka kuzika yago. Desturi unaijua, ila acha niiandike nione inavyokaa kwenye karatasi. Mtu akipotelea majini asionekane, huchumwa tunda la yago, lile refu kama paja la mtu, likavishwa nguo zake, likalazwa kwenye sanduku, likazikwa mbele ya nyumba yake kama ndiye yeye. Watu wanalia, wanakula, wanarudi makwao. Tangu hapo amekufa, hata kama anapumua mahali. Akija kesho yake hawezi kuingia kwenye boma lililokwisha kumzika.

Njoo uzungumze nao, Mjomba. Mama yangu angekuwa hai nisingekusumbua. Upande wangu nimebaki na wewe tu.

Mpwa wako,
Dorca


Kisumu,
24 Machi 1997

Okewo wangu Dorca,

Mwana wa dada yangu, nakusalimu mara mbili, mara moja kwa niaba ya marehemu mama yako, ambaye angekuwa ameshafika huko na kiboko mkononi. Kifua kinakohoa kwa heshima. Sigara nimeacha siku za Jumapili.

Kuhusu ugali. Ningeandika jina la chakula chao, ungenitumia barua ukiniuliza ni dawa ya nini. Mfasiri ni mpishi, okewo. Mgeni akija kwangu anakula kilichoko jikoni. Hata hivyo si wewe tu. Idd wa Kaloleni, mwanafunzi, ameandika kwamba Riyozo angekula pilau. Bibi Zeituni, fundi cherehani wa Manyatta, anasema yule mama wa moto angeolewa tena, maana kuni zinazoteketea pale ufuoni zingepikia watoto wengine. Na bwana mmoja wa skimu ya mpunga kule Ahero, ambaye nyumba yake huingiliwa na mafuriko kila mwaka, amejaza kurasa nzima akithibitisha kwamba hakuna mkondo wa maji unaoweza kumpeleka mtu kisiwa hadi kisiwa namna ile. Nimemjibu kwamba yeye mwenyewe kitanda chake kilishawahi kusafiri hadi kwa jirani.

Nacheka, lakini barua yako niliisoma nimesimama. Nisikilize. Usikubali yago. Mtu hazikwi kwa sababu jamaa wamechoka kungoja. Waambie mjomba wako amesema Gordon asubiriwe mwaka mzima, na anayepinga aje Kisumu anipinge mimi. Subira huvuta heri. Nitakuja Pasaka ikipita, tukimaliza kusahihisha kurasa za kitabu cha tano zinazochapwa upya.

Mkaze moyo mama mkwe wako pia. Ni mwanawe.

Mjomba wako,
Dalmas


Asembo Bay,
20 Aprili 1997

Mjomba,

Pokea salamu za watu wote wa huku, hata wale wasiokupenda. Mvua imefika kwa hasira. Mahindi yameota. Kifaranga kimoja kimebaki na sasa kinalala ndani na sisi kama mtu.

Barua yako niliwasomea wote, pale ulipoandika "mwaka mzima" nikapasoma mara mbili. Obiero, mdogo wake Gordon, akatoka nje akapiga teke ndoo. Yeye hawezi kujenga boma lake kabla jambo la kaka yake halijakwisha, na ana mchumba anayelalamika. Simchukii. Lakini simpi Gordon ili apate mahali pa kujenga.

Halafu nimefanya jambo. Upande huu wote kuna mti mmoja tu wa yago, kule juu karibu na kanisa. Nilikwenda na upondo wa mashua nikaangua matunda yote. Yote, Mjomba. Yalikuwa yakidondoka kama watu wanaoanguka. Nikayabeba kwa karai hadi ziwani nikayatupa. Mchungaji aliniona, akaingia kanisani. Mama mkwe aliposikia alikaa chini hapo hapo alipokuwa.

Siku hizi jioni namsomea Riyozo, kwa sababu hatuna la kuzungumza. Yeye hakusoma shule. Picha anazitazama kwa karibu, anauliza jina la kila mtu aliyechorwa. Naye ana maoni, uyaandike. Tulipofika kwa mama wa moto alisema, "Huyo mama ni mbaya."

Nikamwambia, "Mama, si anangojea mtoto wake?"

"Anangojea nini? Mtoto amekufa huko, hana pahali ya kulala. Yeye anawasha moto ajisikie mzuri. Mimi Gordon anakuja kwa ndoto. Anasimama hapo kwa geti, maji inamtoka, ananiambia, 'Mama, nipatie blanketi.' Nitampatia aje kama hana kaburi?"

Niliendelea kusoma. Tulilia wote wawili, kila mtu kwa sababu yake, na hakuna aliyemshika mwenzake.

Obiero amekwenda Nyakach, kwetu nilikozaliwa, upande wa Pap Onditi, kutafuta yago huko. Njoo haraka. Pasaka imepita.

Dorca


Kisumu, wodini,
1 Juni 1997

Okewo wangu Dorca,

Salamu. Usishtuke kuona neno "wodini". Karibu na soko la Kibuye baiskeli ya boda boda iliyopakia gunia la mkaa ilinipanda. Paja limevunjika. Nimefungwa plasta hadi kiunoni na mguu umening'inizwa kwa vyuma, kwa hiyo nalala kama mbuzi anayengoja kuchunwa. Daktari anasema nitakaa hivi muda. Ndiyo sababu sikuja na sikuandika.

Wenzangu wa kiwanda cha uchapaji huniletea barua za wasomaji hapa kitandani. Wagonjwa wenzangu nao wameambukizwa. Mzee mmoja mwenye kidonda cha sukari anataka kujua kama Riyozo atamwoa yule mpishi wa meli. Muuguzi mmoja, binti Nelima kutoka Busia, anasema vitabu vya namna hii havifai kwa sababu vinawazoesha watu kungoja. Nilimwuliza ana maana gani. Akasema tu kwamba kazini kwake amewaona wengi wanaongoja.

Nilitaka kukuuliza wewe kama msomaji wangu mkali kuliko wote. Ungesema nini kama Riyozo asingefika nyumbani? Nauliza tu. Wasomaji wengi wangetukana, najua. Lakini visa vingine ndivyo vilivyo, na mtu anaweza kufa mbali na bado akawa ametendewa wema na watu. Fikiri, uniambie.

Abdulrahman alikuja kunitazama. Anakusalimu.

Chakula cha hapa ni maharagwe. Muuguzi ananiita.

Mjomba wako,
Dalmas


Asembo Bay,
14 Juni 1997

Mjomba,

Pole kwa mguu. Pole sana. Nilisikitika kweli, nikauza kifaranga changu cha mwisho, ambacho kilikuwa kimekuwa jogoo, ili nikutumie sukari na majani ya chai, na Abdulrahman angekuletea kama angekuwa bado anapita kwetu. Hapiti. Lori lake nimeliona likienda hadi kwenye ufuo wa pili na kununua samaki huko. Nilimpungia mkono, akatazama mbele. Nimemkosea nini? Sukari nimempa mwalimu wa huku anayekuja Kisumu.

Barua yako nimeipekua mbele na nyuma. Jina la Gordon halimo. Kila nikikuuliza la Gordon unanijibu la Riyozo. Mwezi wa tatu uliniambia asubiriwe, mwezi wa sita unaniuliza ningesemaje kama Riyozo asingefika. Hiyo plasta wamekufunga kiunoni au kichwani?

Jibu langu ndilo hili. Asingefika ningekichoma kitabu. Mtu haandiki vitabu vyote hivyo vya mtoto anayekwenda nyumbani, halafu akamuulia njiani. Ni uonevu. Kama Mjapani amefanya hivyo, wewe ni mfasiri, mfikishe. Ulimlisha ugali bila ruhusa, basi na umfikishe bila ruhusa.

Obiero amerudi na yago. Liko nyumbani kwake, limefunikwa gunia. Jana nilipita nikaliona umbo lake chini ya lile gunia, nikarudi nilikotoka. Mama mkwe amesema litakaa hadi tuvune, kisha halitakaa tena. Amelishonea shuka. Baada ya hapo vitaanza vikao vya nani anirithi, na wewe unajua ni nani.

Sina pengine pa kwenda, Mjomba. Kama unajua Riyozo anafika, niandikie tu neno moja, anafika. Nitalala nalo.

Dorca


Kisumu, wodini,
27 Julai 1997

Okewo wangu,

Sukari imefika, Mungu akubariki. Plasta imepasuliwa ikafungwa nyingine. Kila juma daktari ananiambia juma lijalo.

Nakutumia kurasa za kitabu cha sita. Hazijachapwa na hakuna msomaji aliyeziona. Nimeziandika kwa mkono hapa kitandani. Zisome ukiwa umekaa, na mama mkwe wako awe karibu. Kisha unipe maoni.

*Asubuhi watu wa kisiwa cha sita walimkuta mchangani. Hawakumjua. Hakuwa na kitu ila suruali na mshipi uliosukwa kwa mpira wa baiskeli. Mwanamke mmoja mwenye mapacha akasema, "Huyu ni mwana wa mtu." Wakamwosha. Wakamvika shuka safi. Wakamchimbia kaburi chini ya mti wenye kivuli, wakamlaza uso ukielekea mawio, kwa kuwa upepo uliomleta ulitoka huko. Yule mwanamke akauchukua mshipi akauhifadhi nyumbani kwake, akisema, "Siku moja atapita mtu anayeujua." Watoto wakaimba. Hakuna aliyemtupa, hakuna aliyempora. Na fisi maji akaketi juu ya kaburi akiwaza: Nani atakwenda kumwambia mama yake? Njia ni ndefu, na mimi mguu wangu umevunjika.*

Mjomba wako anayekupenda,
Dalmas


Asembo Bay,
10 Agosti 1997

Mjomba,

Salamu. Tumevuna. Mahindi si haba.

Maoni yangu ni kwamba umezeeka. Mpira wa baiskeli! Hawa ni watu wa mapanga na matanga, taa zao ni za mafuta ya nyangumi, baiskeli ilitoka wapi? Na fisi maji amevunjika mguu lini? Katika kitabu cha tano alikuwa akicheza ngoma. Mtu akisoma hivi atadhani kiwanda chenu kinachapa vitabu gizani. Na huyo Riyozo umemuua kwa mistari michache tu, hata homa hakuugua. Sikubali. Andika upya.

*Jioni, siku hiyo hiyo.* Barua hii nilikuwa nimeiacha mezani. Ulisema mama mkwe awe karibu, basi nikamsomea, ili tumcheke mjomba pamoja. Nilisoma hadi mwisho. Hakucheka.

Akasema, "Soma tena hapo kwa mshipi."

Nikasoma.

"Hao Wajapani ya zamani walikuwa na baiskeli?"

"Hawakuwa nayo, Mama. Mjomba amechanganya."

"Mjomba yako ni mwalimu. Hachanganyi." Alikuwa amenishika kifundo cha mkono na vidole vyake vilikuwa baridi. "Gordon alisuka mshipi yake na nini?"

Mjomba, nilimwona akisuka. Nilimshikia ncha moja. Alikata mpira wa baiskeli ya Obiero wakagombana juu yake wiki nzima.

"Dorca. Gordon alisuka na nini?"

"Sijui."

"Unajua. Mimi najua, mjomba yako anajua, na huyo mtu ya lori anajua, ndio maana anatutoroka. Ni wewe peke yako hutaki." Halafu akaniachia mkono akaanguka kifudifudi kwenye mkeka, akawa anaiambia sakafu, "Wuoda otho. Wuoda otho, nyathina." Mwanangu amekufa, mtoto wangu. Hakupiga yowe la msiba. Alisema polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia.

Obiero alikuja mbio. Alimtazama mama yake, akanitazama, akaiona karatasi. Hajui kitu na tayari analia.

Sasa mimi nakaa hapa na kalamu. Bado ninaweza kusema ni makosa ya mfasiri. Mjomba, niandikie kwa maneno yako mwenyewe. Usinitumie Mjapani. Usinitumie mnyama. Na usiniandikie methali.

Dorca


Kisumu, wodini,
18 Agosti 1997

Dorca,

Gordon amekufa.

Abdulrahman huvuka hadi upande wa Uganda kununua samaki. Mwezi wa tano, kwenye kisiwa kimoja huko, mwanamke mwenye mapacha alimwonyesha mshipi, akauliza kama anamjua mwenyewe. Aliujua. Alikuwa ameuona kiunoni mwa Gordon kila asubuhi akipima samaki. Akapelekwa kaburini. Yote niliyoandika kwenye zile kurasa ndiyo aliyoyaona na aliyoambiwa. Waliomkuta walisema maji yalimleta akiwa ameshakufa. Hakufungwa ng'ambo, hakupigwa, hakulia njaa mahali bila wewe kujua.

Abdulrahman hakuthubutu kuja kwenu. Alisema yeye si wa ukoo, hawezi kuingiza kifo kwenye boma la watu. Akaja kwangu, kwa watu wako, ndivyo ilivyo desturi. Nami nikamwapisha anyamaze hadi nije mwenyewe. Baba yangu alitufunza kwamba habari ya msiba haiandikwi. Inapelekwa na mtu, anakaa, anapewa maji, anaisema akiwa amemshika anayeambiwa. Nikangoja mguu. Nilisema juma lijalo, na juma lijalo, hadi nikaogopa hata kuandika jina lake. Nawe ulikuwa ukinijibu kwa ukali na matumaini, na matumaini hayo ni mimi niliyeyachochea. "Asubiriwe mwaka mzima." Nikiyafikiria maneno hayo hapa usiku nageuza uso ukutani.

Nilidhani nikiyatia kwenye kitabu yatakufikia yakiwa yamepoa. Mama mkwe wako ameona zaidi yangu. Mwambie nimemkosea.

Barua hii nampa Safia, mke wa Abdulrahman, aje nayo yeye mwenyewe. Nimemwomba akae nawe, akushike, asiondoke hadi umelala. Mshipi anao. Lia, mwanangu. Mimi ninalia huku.

Umeniambia nisikutumie Mjapani, lakini kwa kuwa unachukia uongo nikuambie na hili. Ndivyo alivyoandika mwandishi mwenyewe. Riyozo anafia kisiwa cha sita. Mimi niliongeza wale watu wa kisiwa, mshipi na mguu. Katika kitabu cha saba, cha mwisho, fisi maji anaogelea kitabu kizima kwenda kumwambia mama. Kiwandani wananiuliza kama cha sita kichapwe. Sijawajibu.

Dalmas


Asembo Bay,
5 Oktoba 1997

Mjomba Dalmas,

Salamu. Nasikia umeanza kutembea na magongo. Vizuri. Huku mvua inanyesha bila kupumzika na wanasema Ahero watu wako juu ya mapaa. Yule bwana wako wa skimu, natumaini amefunga kitanda kamba.

Safia alikuja. Alipotokea tu pale getini na kanga yake nyeusi nilijua, ingawa nilikuwa najua tangu kwenye mkeka. Alikaa. Tulimpa maji. Akanishika, akasema, ndipo akanipa barua. Kwa hiyo niliambiwa na mtu, kama baba yako alivyotaka, ila mtu huyo alikuwa mgeni. Nililia siku ile hadi nikatapika. Mama mkwe ndiye aliyenipangusa.

Obiero na wazee wawili walivuka pamoja na Abdulrahman. Karatasi za huku na za ng'ambo zilichukua muda, lakini walimleta. Tumemzika mbele ya nyumba yetu, yeye mwenyewe. Mama mkwe alimfunika kwa ile shuka aliyolishonea yago, na lile tunda akamwambia Obiero akalitupe. Tangu siku hiyo hajaota. Vikao vya kunirithi vimeanza. Nimewaambia sitaki, wakaniambia nina uchungu bado, nikawaambia ndiyo, nina uchungu, na sitaki. Hilo halijaisha. Ukiweza kupanda gari, njoo.

Umeniomba msamaha kwenye barua iliyopita ingawa hukuandika neno lenyewe. Wewe ni mjomba wangu, sina mwingine. Kuna siku nafikiri ulifanya ulichoweza ukiwa umefungwa vyuma. Kuna siku nikiona mwandiko wako nataka kuutia motoni.

Maoni yangu ya kitabu cha sita ni haya, uyachape au uyachane. Mshipi uutoe, baiskeli si ya zama zile. Fisi maji mponye mguu. Riyozo mwache afe, sikatai tena. Na wale watu wa kisiwa usiwapunguzie hata neno, maana wapo.

Lakini kitabu cha saba msomaji wa Asembo Bay anakikataa. Usiwaambie watu kwamba fisi maji alichelewa kwa sababu bahari ni pana. Bahari si pana hivyo. Tangu mwezi wa tano ulipojua, Mjomba, hadi siku aliyofika Safia, nililala bila kukomea mlango, ili Gordon akija usiku asije akadhani hatumtaki.

Mpwa wako,
Dorca